Barua ya paundi 100 ya maegesho: usikimbilie kulipa

Ndugu zangu mlioko Uingereza, ikija barua ya kudai paundi 100 eti gari lako lilizidisha muda pale supamaketi, tulia kwanza. Hiyo si faini ya polisi wala ya halmashauri. Ni dai la kampuni binafsi, ingawa wamelipamba lifanane na faini.

Chukua kalenda. Kama hakukubandikwa karatasi kwenye kioo siku ile, sheria ya 2012 ya England na Wales inataka barua imfikie mmiliki aliyesajiliwa ndani ya siku 14, kuhesabu kuanzia kesho yake. Yangu mimi: gari liliegeshwa tarehe 3, barua imeandikwa tarehe 19! Ikichelewa hivyo, hawawezi kutumia sheria hiyo kumdai mmiliki badala ya dereva.

Ila hapo ndipo wengi, tukiwajibu, tunajikaanga kwa mafuta yetu: "Niliingia dakika chache tu kununua maziwa." Tayari umejitaja kuwa dereva. Andika "dereva aliegesha", basi. Hulazimiki kuiambia kampuni binafsi ni nani.

Rufaa inaanzia kwao wenyewe, kwa kawaida ndani ya siku 28. Wakikataa, nenda POPLA au IAS, vyombo vya kusikiliza rufaa za maegesho binafsi, kutegemea kampuni iko chama gani cha kampuni za maegesho. Ambatisha risiti na picha ya bango, hasa kama maandishi yake hata kwa miwani hayasomeki.

Zikija karatasi za mahakama, usizinyamazie. Hukumu isiyolipwa ndani ya mwezi hukaa kwenye rekodi yako ya mikopo miaka 6.