Somo: Kusoma rangi ya sungura wa masikio ya kulala kabla ya kumpandisha

Wakubwa shikamooni, wenzangu habari za mabandani. Hili ndilo somo nililowaahidi tulipokutana Pongwe. Naanza na kisa, kwa sababu kisa hicho ndicho kilichonifanya ninunue daftari.

Jike wangu mweupe, Chumvi, nilimpandisha kwa Mkaa, dume mweusi tii. Siku ya 31 akazaa watoto saba. Manyoya yalipoota nikakuta watatu weusi, wawili wa kijivu cha samawati, na wawili wa rangi ya gamba la ng'amba: mgongo wa manjano iliyoiva, pua na masikio kama yamepitishwa kwenye moshi. Mweupe hakuwepo hata mmoja. Jirani aliyekuja kutazama akasema, "Hapa dume la porini limepenya usiku."

Maneno hayo nimeyasikia Tanga nzima, na yamewavunjia watu biashara na urafiki. Sungura wetu wa porini, yule wa kwenye hadithi za bibi, hazai na huyu wa bandani. Kiswahili kimewapa jina moja, lakini wa bandani ana kromosomu (nyuzi zinazobeba urithi) 44 na yule wa porini ana 48. Rangi zile zote zilitoka kwa Chumvi na Mkaa wenyewe. Walizaliwa nazo, ila hazikuwa zinaonekana.

Hatua ya 1: Hesabu kwa doti

Fikiria kanga. Haiuzwi kipande kimoja, inauzwa doti. Kila jeni ya rangi, yaani chembe ya urithi, nayo ni doti: kipande kimoja katoa baba, kingine katoa mama. Sungura huyo akija kuzaa, kila mtoto humpa kipande kimoja tu, na hachagui kipi.

Vipande vikiwa tofauti, kimoja huvaliwa juu na kingine hufunikwa chini. Cha juu tunakiandika kwa herufi kubwa, cha chini kwa herufi ndogo. Kile cha chini hutakiona mpaka apatikane mtoto aliyepewa kipande kama hicho na baba, na kama hicho hicho na mama. Ndiyo maana rangi inaweza kupotea tangu kwa babu ikaibuka kwa mjukuu.

Hatua ya 2: Mpulize mgongoni

Mkalishe juu ya gunia asiteleze, kisha mpulize taratibu mgongoni manyoya yafunguke kama ua. Usifanye haraka, na ufanye mchana kwenye mwanga wa kutosha.

Ukiona pete, yaani unywele mmoja una kijivu chini, manjano au hudhurungi katikati, na ncha nyeusi, huyo ana rangi ya mwitu. Mtazame na tumbo: litakuwa jeupe, na macho yatakuwa na duara la rangi nyepesi. Mwandikie A. Ukiona rangi moja tangu ncha, na tumbo lafanana na mgongo, huyo ana a mbili. Yupo wa katikati pia: mgongo wa rangi moja lakini tumbo jeupe. Wafugaji wa Ulaya humfananisha na fisi maji, na kipande chake huandikwa at. A humfunika at, at humfunika a.

Hatua ya 3: Jaza herufi zilizobaki

B ni nyeusi, b mbili ni kahawia ya chokoleti. Hapo hapana zaidi ya hapo.

D huacha rangi ikiwa nzito. D ndogo mbili huizimua, kama wino uliotiwa maji: nyeusi huwa kijivu cha samawati, chokoleti huwa kijivu chenye uzambarau kidogo. Watoto wangu wawili wa samawati ni dd. Kwa hiyo Mkaa, kwa weusi wake wote, anaficha d, maana mtoto hawezi kupata d mbili kwa mzazi mmoja.

C ni ngazi ndefu. Juu kabisa kuna C, rangi kamili. Chini yake kuna chinchila, ambayo hung'oa manjano na kuacha fedha, kisha sebo, ya hudhurungi inayokolea puani na masikioni, kisha himalaya, mwenye mwili mweupe na rangi puani, masikioni, miguuni na mkiani, na chini kabisa c, ambayo ikiwa mbili sungura huwa mweupe mwenye macho mekundu. Hili naomba mlishike: weupe wa macho mekundu ni pazia. Chumvi hakukosa rangi. Ana doti zake zote za A, B, D na E, kubwa au ndogo, kama sungura mwingine, ila c mbili zimezuia zisionekane. Anayenunua jike mweupe ananunua sanduku lililofungwa, basi amuulize muuzaji wazazi walikuwa wa rangi gani.

E nayo huamua weusi uenee kiasi gani. E kubwa huuacha ulivyo. Ndogo, e, ikiwa mbili, weusi hurudi nyuma na manjano hutawala. Kwa sungura wa a mbili hutokea ile rangi ya ng'amba ambayo lopu, yaani sungura wa masikio ya kulala, wengi wanayo. Kwa wa A hutokea rangi ya chungwa na tumbo jeupe. Kati ya E na e kuna ej, inayogawa mwili vipande vyeusi na vya manjano.

Hatua ya 4: Mabaka, na hapa nawaomba mnisikilize

Mabaka, yaani nyeupe iliyochanganyika na rangi, huletwa na jeni ya En. Sungura mwenye En moja na en moja ni wa mabaka. Mwenye en mbili ni wa rangi nzima. Mwenye En mbili huzaliwa karibu mweupe wote: rangi masikioni, kuzunguka macho, na alama mdomoni mithili ya masharubu. Ng'ambo humwita Charlie, na rangi yake kwa kawaida haifiki asilimia 10 ya mwili.

Nilikuwa na jike wa mabaka, Halua, na dume wa mabaka. Wanunuzi wanapenda mabaka, nami nikawapandisha wao kwa wao. Katika watoto sita akatoka Charlie mmoja, mzuri ajabu. Kila aliyeingia bandani alimnyooshea kidole yeye. Alipofika miezi minne kinyesi chake kikaanza kuwa kikubwa na cha umbo baya, siku nyingine kimelowa kama uji. Alikuwa akila na kukonda, tumbo limejaa hewa. Alinifia mikononi alfajiri moja, na mpaka leo nikimpandisha sungura namkumbuka.

Jeni ile ya mabaka ipo mahali paitwapo KIT. Sehemu hiyo husambaza chembe za rangi mwilini, lakini pia inahitajiwa na chembe zinazoufanya utumbo usukume chakula. En ikiwa mbili, utumbo mpana unaweza kutanuka na kulegea. Si kila Charlie huugua, wapo wanaoishi vizuri. Lakini ukipandisha mabaka kwa mabaka, kila mtoto ana nafasi 1 kati ya 4 ya kuwa Charlie. Ukipandisha mabaka kwa rangi nzima, Charlie hapatikani kabisa, na nusu ya watoto bado unawategemea wawe wa mabaka. Hupotezi kitu. Mimi sipandishi tena mabaka kwa mabaka, na dume wangu simwazimi mtu kwa kazi hiyo.

Hatua ya 5: Chora mraba

Chora mraba wenye vyumba vinne. Juu andika vipande vya baba, D na d. Ubavuni vya mama, D na d. Jaza vyumba: DD, Dd, Dd, dd. Watatu wa rangi nzito, mmoja wa samawati. Huu unaitwa mraba wa Punnett, kwa jina la Mwingereza aliyeubuni.

Ukitaka herufi mbili pamoja, zidisha. Wazazi wote wa a mbili wakiwa Dd na Ee, mtoto wa ng'amba iliyozimuliwa ana 1/4 mara 1/4, yaani 1 kati ya 16. Lakini mraba hauhesabu uzao mmoja. Ni kama kurusha shilingi: lopu wadogo wakizaa watatu, wote wanaweza kuwa weusi na mraba ukawa bado sahihi.

Hatua ya 6: Daftari

Tarehe, mama, baba, idadi, rangi, waliokufa. Waandike hata waliokufa, rangi yao nayo ni habari. Daftari langu linaniambia Chumvi alitoa watoto saba bila mweupe hata mmoja. Kama Mkaa angekuwa anaficha c, nafasi ya hilo kutokea ni 1 kati ya 128. Kwa hiyo nina imani kubwa kwamba ana C mbili. Watoto wote saba, hata wale weusi tii, wanaficha c ya mama yao, na nilimwambia hivyo kila aliyewanunua.

Maswali ya wanachama

*Swali kutoka Muheza: Shikamoo mwalimu. Nina jike mweupe na dume mweupe. Naweza kupata watoto wa rangi?*

Marahaba. Inategemea macho. Wote wakiwa na macho mekundu, watoto wote watakuwa weupe, maana hapana C ya kutoa. Lakini mmoja akiwa na macho ya buluu, weupe wake unatoka kwa jeni nyingine iitwayo Vienna. Hao wawili wakikutana, kila mmoja anaweza kumpa mtoto kile ambacho mwenzake hana, na rangi ikatokea.

*Swali kutoka Pangani: Dume wangu wa himalaya nilimleta kutoka Lushoto, pua nyeusi kabisa. Sasa inafifia. Anaumwa?*

Kama anakula na anacheza, haumwi, dada yangu. Rangi ya himalaya hufanya kazi penye ubaridi tu, ndiyo maana hukaa kwenye ncha za mwili. Lushoto kuna baridi, Pangani kuna joto, hasa kaskazi ikivuma. Jeni yake haijabadilika, na watoto wake watarithi kama kawaida. Mwekee chupa ya maji yaliyogandishwa mchana. Joto likivuka nyuzi 30 dume hata mbegu zake hudhoofika, hivyo usishangae jike asiposhika mimba miezi ile.

*Swali kutoka Ngamiani: Nikimpandisha lopu kwa sungura wa kawaida, watoto watakuwa na masikio gani?*

Usitegemee ya kulala. Masikio hayafuati jeni moja kama D au B, ni nyingi zinazosaidiana. Adriaan de Cock wa Tilburg, Uholanzi, alianza mwaka 1949 kuchanganya French Lop, lopu mkubwa, na Netherland Dwarf, kibete wa masikio yaliyosimama, na uzao wa kwanza masikio yalisimama. Ikabidi alete English Lop, na Holland Lop akatambuliwa kwao mwaka 1964. Wewe utapata wengi wenye masikio ya pembeni kama mabawa ya ndege. Ni sungura wazuri wa kufuga, ila usiwauze kwa jina la lopu.

*Swali kutoka Bagamoyo: Mwalimu, nimeshanunua Charlie kabla ya somo hili, jike. Nifanyeje?*

Mpende, mama, hana kosa. Majani makavu yasimpungukie usiku na mchana, maji yawe safi, pumba na vyakula vya wanga umpe kidogo sana. Kila asubuhi tazama kinyesi chake kabla ya kufagia. Mimi nisingemzalisha, mimba ni mzigo kwa tumbo kama hilo. Na siku ukikuta hajala na hajaacha kinyesi tangu usiku, usingoje kesho. Mfunge kwenye kikapu umpeleke kwa daktari wa mifugo saa hiyo hiyo.