Namna ya kutafsiri "rathe-ripe" bila kuivundika

Ukitafsiri maandishi ya zamani ya Uingereza kuhusu kilimo, ipo siku utakutana na neno rathe-ripe, yaani -a kuiva mapema. Kamusi ndogo hazina. Mimi hufanya hivi.

Hatua ya 1: Lipasue. Ripe ni -bivu, halina kazi. Gumu ni rathe: zamani lilimaanisha upesi, kisha mapema. Lenyewe limekufa, ila mtoto wake yu hai, nalo ni rather. Kwa asili rather ni "mapema zaidi": anayesema angetaka chai rather kuliko kahawa, kwa maana ya zamani ni kwamba angeiwahi chai kwanza. Ukishaliona hivyo hulisahau.

Hatua ya 2: Tazama linasemwa juu ya nini. Mshairi Mwingereza John Milton, mwaka 1638, alilitumia rathe kwa ua la primrose. Hapo pana kuchanua, kuiva hakupo. Marekani rathe-ripe liligeuka rareripe, hasa kwa mapichi. Usidhani hilo rare ni "adimu". Nilishalitafsiri hivyo, na mhariri alinicheka wiki nzima.

Hatua ya 3: Chagua neno. Hapa usiharakishe. La kwanza kukujia litakuwa malimbuko, nalo halifai: malimbuko ni mavuno ya kwanza ya msimu, hata kama mti wenyewe ni wa kuchelewa. Mbivu za kuvundika nazo zimeharakishwa na mtu. Rathe-ripe ni tabia ya mmea wenyewe.

Jibu wanalo wakulima wetu. Mahindi yanayokomaa mapema wanayaita mbegu ya muda mfupi. Kwa hiyo shayiri ya rathe-ripe naiandika "shayiri ya muda mfupi", na pichi, "pichi linalowahi kuiva". Kitenzi kuwahi kinabeba rathe yote bila kelele. Likisemwa juu ya kijana, tumia kupevuka: "amepevuka kabla ya umri wake". Kiswahili kinapevusha tunda, mwezi na akili kwa kitenzi kimoja, raha iliyoje kwa mfasiri!

Hatua ya 4: Amua kuhusu ukale. Kwenye shairi, tafuta neno lenye vumbi kidogo. Kwenye mwongozo wa kilimo, acha.

Hatua ya 5: Jaribu. Msomee sentensi yako mtu anayeuza matunda. Akikuuliza, "Ya kuvundika?", rudi hatua ya 3.