Mimba ya Mapacha: Kabla Hujakata Tiketi ya Mombasa

Hesabu inayowakosesha wengi ni ya tarehe ya kurudi. Mashirika mengi ya ndege humkubali mjamzito wa mtoto mmoja hadi wiki ya 36, lakini wa mapacha hadi wiki ya 32, na mengine hushuka chini ya hapo. Mtu anatoka Toronto akiwa na wiki 27, anakaa Mombasa wiki sita kwa ajili ya arusi, na siku ya kurudi anafika kaunta ya uwanja wa ndege wa Moi ana wiki 33. Hapandi. Kuanzia wiki ya 28 utadaiwa pia barua ya daktari inayotaja kuwa ni mapacha, wiki ulizofikisha, tarehe ya kujifungua na kwamba mimba haina matatizo. Hakikisha barua ni mpya.

Lakini kabla ya tiketi uliza: makondo ya nyuma ni mangapi? Jibu hupatikana kwa altrasaundi kati ya wiki ya 11 na ya 14. Pale utando unaowatenga watoto unapokutana na kondo la nyuma, ukionekana mnene kama kabari, makondo ni mawili, hata kama yamegusana. Ukiwa mwembamba na kukita wima kama herufi T, kondo ni moja. Baadaye alama hiyo hufifia, kwa hiyo omba majibu yaandikwe na usafiri nayo.

Makondo mawili: picha kila wiki 4, kuzaa hupangwa wiki ya 37. Kondo moja: picha kila wiki 2 kuanzia wiki ya 16, kuzaa wiki ya 36. Wakiwa wamo mfuko mmoja bila utando, hutolewa kwa upasuaji kati ya wiki ya 32 na ya 34. Kondo moja lina hatari yake: mishipa ya watoto huungana humo, damu ikamwelemea mmoja na kumpungukia mwenzake. Hutokea katika mimba 10 hadi 15 kati ya 100 za aina hii, hasa wiki ya 16 hadi ya 26. Tumbo la mama hufura ndani ya siku chache, likabana na pumzi ikawa shida. Tiba ni leza ndani ya mji wa mimba, na ni vituo vichache vinavyoifanya. Mwenye kondo moja tungemshauri safari ya miezi hiyo aiache, bibi akasirike akitaka.

(Bibi wa upande wa baba atadai mapacha ni wa ukoo wake. Mapacha wasiofanana hufuata ukoo wa mama. Wanaofanana hutokea tu. Ndizi pacha hazimo.)

Ukienda, kumbuka Pwani ina malaria, na kinga uliyokulia nayo hupungua ukiishi nje. Lala ndani ya neti yenye dawa, na dawa ya kinga upangiwe na daktari anayejua una mimba. Kliniki za Pwani hutoa SP, dawa ya kukinga malaria kwa wajawazito, kuanzia wiki ya 13; kama unameza foliki ya miligramu 5, waambie, maana kipimo hicho huidhoofisha SP.

Damu hupungua upesi zaidi kwa mapacha. Kidonge cha madini ya chuma usikimeze pamoja na chai na mahamri ya asubuhi: chai huyazuia madini yasifyonzwe. Ngoja saa moja au mbili, umeze kwa maji ya machungwa.

Kichwa kikiuma sana, macho yakiona ukungu, uso ukivimba, maumivu chini ya mbavu, viganja vikiwasha usiku, maji au damu ikitoka, usingoje kukuche. Mapacha takriban 60 kati ya 100 huzaliwa kabla ya wiki ya 37, na sindano ya kukomaza mapafu ya watoto hufaa zaidi ikitangulia uzazi kwa siku nzima.

Kwa sababu hiyo angalia utakakofikia. Hospitali ya Coast General iko kisiwani. Ukikaa Likoni au Ukunda, kati yako na hospitali kuna feri, au mzunguko wa Dongo Kundu. Wiki za mwisho hamia ng'ambo ya kisiwani, na uulize mapema kama hospitali uliyoichagua ina nafasi mbili, si moja, kwenye wodi ya watoto njiti.