Kuzunguka dunia na hadithi na uzi vidoleni: anzia hapa

Kama unapenda watoto na unapenda kusafiri, hii kazi ya kukaa nao unawapigia hadithi huku vidole vinachora maumbo kwa uzi ni nzuri mno, na haihitaji mzigo, mtaji wake wote unaingia mfukoni.

Kwanza uzi wenyewe. Tafuta kamba laini ya pamba au nailoni, kama mita 2 hivi, unga ncha iwe duara. Watoto wadogo mita moja na nusu inawatosha. Katani achana nayo, inakwaruza na haitelezi. Nailoni ina raha yake, unayeyusha ncha kwa kiberiti unazigandisha, hakuna fundo la kukwama (hiyo fanya mwenyewe, mbali na watoto). Halafu maumbo ya kuvisha uzi shingoni usifundishe kabisa, hata wakiomba, maana mtoto atarudia akiwa peke yake na uzi ukikaza ni hatari.

Pili usikimbilie kujua maumbo thelathini. Jua moja mpaka mikono iende yenyewe, sababu macho yako yanatakiwa kwa watoto sio kwenye uzi. Mimi huanza na panya. Mkono wa kushoto dole gumba liwe juu, vidole vielekee kulia, ning'iniza uzi kwenye dole gumba, upande mmoja upite kiganjani na mwingine nyuma ya mkono. Sasa kidole cha shahada cha kulia kipitishe chini ya uzi wa kiganjani, kiingie kati ya dole gumba na shahada la kushoto, kivute ule uzi wa nyuma uje mbele, kitanzi ukizungushe mara moja kufuata mshale wa saa, kivalishe shahada. Kaza kwa kuvuta chini. Rudia hivyo hivyo cha kati, cha pete, mpaka cha mwisho. Ukimaliza vua kitanzi cha dole gumba, kisha vuta uzi wa kiganjani peke yake, vyote vinachomoka.

Hadithi inakaa humo humo. Kila kitanzi ni mlango wa chumba alichokimbilia panya, stoo, jikoni, kwa bibi, uvunguni, na kila ukikaza unawauliza "kakamatwa?" wanapiga kelele "kakamatwa!", we unaendelea taratibu, halafu ule mlango wa kwanza kuna mtu kausahau wazi, unavua dole gumba, vuuup, panya huyoo. Watasema rudia. Rudia. Na mtoto akikwambia hii naijua usishtuke, hii ya panya imekutwa sehemu nyingi sana za dunia.

Lugha isikutishe. Wafundishe tu "Paukwa!" wao waitike "Pakawa!", wanaishika haraka hata kama hawajawahi kusikia Kiswahili.

Hapa ndo penye utamu wenyewe: mpe mtoto uzi mapema, usingoje umalize shoo yako. Karibu kila unakoenda wana maumbo yao ya uzi, Japani wanaita ayatori, Wamaori wa New Zealand whai, Hawaii hei, na huku kwetu Mwingereza mmoja, Cunnington, alikusanya maumbo ya pande za Ziwa Tanganyika akayachapisha 1906. Louis Leakey, yule mtafiti wa mabaki ya binadamu wa kale, mzaliwa wa Kabete, Kenya, alijifunza haya mambo kwa Haddon, mtaalamu wa tamaduni za watu, kule chuo cha Cambridge Uingereza na akawa anatumia uzi kuzoeana na watu alikokwenda. Unaenda kubadilishana, na kusema ukweli watoto watakuzidi.

Ila uliza kabla hujatoa uzi. Wanavajo, wenyeji wa asili wa Marekani, wana desturi kwamba uzi na baadhi ya hadithi ni vya majira ya baridi tu, buibui wakiwa wamelala, kwa sababu wanaamini Mama Buibui ndo aliyewapa mchezo huu. Ukifika kiangazi ukaanza kuchezesha watoto umewakosea wazee wao, na hilo halirekebishwi na tabasamu. Shuleni anza kwa mwalimu mkuu, mtaani anza kwa wazazi, picha za watoto bila ruhusa hapana, na viza soma vizuri maana kuna nchi viza ya utalii hairuhusu hata kujitolea.

Mwisho beba daftari. Yule Haddon na mwenzake Rivers walitoa 1902 namna ya kuandika maumbo haya hatua kwa hatua, msingi wake rahisi, taja kidole gani, uzi wa upande wa dole gumba au wa upande wa kidole cha mwisho, unapita juu au chini. Andika siku hiyo hiyo, kesho vidole vimeshasahau. Umbo likikushinda kuandika lilaze kwenye kadibodi ulishonee hapo hapo, nyuma uandike kijiji, tarehe, na jina wanaloliita wao kwa lugha yao.