Villa Park kwa Mswahili aliyeko Uingereza: uende vipi, ukae wapi, na kwa nini uwanja ule una chetu ndani yake

Wabongo, Wakenya na wengine wote mlioko UK, kila nikiulizwa nianze na uwanja gani jibu langu ni moja, Villa Park, Birmingham, uwanja wa Aston Villa. Najua wengi mna mapenzi na timu za London na Manchester na siwaambii mhame, ila pale Aston kuna historia ambayo mpira wote tunaoangalia wikiendi umetokea humo, na pia kuna Samatta.

Tuanze na Samatta basi. Januari 2020 Mbwana Samatta, kijana aliyepita Simba, akaenda TP Mazembe kule Lubumbashi akachukua nao ubingwa wa Afrika 2015, halafu Genk ya Ubelgiji, akasaini Aston Villa. Mechi yake ya kwanza ilikuwa hapo hapo Villa Park, nusu fainali ya Carabao Cup (Kombe la Ligi la England) na Leicester, Villa wakashinda 2-1 wakaenda fainali. Siku chache baadaye, tarehe 1 Februari, akafunga ugenini kwa Bournemouth akawa Mtanzania wa kwanza kufunga Ligi Kuu ya England, na tarehe 1 Machi pale Wembley ikaja krosi, jamaa akajitupa mzima mzima akapiga kichwa, goli, dhidi ya Man City. Villa walifungwa 2-1 na Sama mwenyewe hakukaa sana, Septemba akaenda Fenerbahçe, lakini lile goli halifutiki, na mashabiki wa Villa ukiwatajia jina lake utaona wanavyofurahi.

Sasa historia ya klabu yenyewe. Ilianzishwa 1874 na vijana wa kanisa la Wesley pale Villa Cross, walikuwa wacheza kriketi wakitafuta kitu cha kufanya wakati wa baridi. Mechi yao ya mwanzo walicheza na timu ya raga, wakakubaliana kipindi cha kwanza raga, cha pili mpira wa miguu, Villa wakashinda 1-0. Baadaye akaja mzee mmoja Mskoti, William McGregor, muuza vitambaa, akawa kiongozi wa klabu. Kilichomkera ni kwamba mechi zilikuwa zinaahirishwa ovyo, watu wamelipa kiingilio timu pinzani haitokei, ndo akaandikia klabu nyingine barua kwamba tupange ratiba ya uhakika nyumbani na ugenini. Hiyo ndiyo Football League ya 1888, timu 12, ligi ya kwanza duniani. Sanamu yake iko nje ya jukwaa la Trinity Road, usipite bila kumsalimia, maana msimamo wa ligi, NBC ya Tanzania, ya Kenya, ya wapi sijui, wazo limeanzia kwake.

Villa Park wamehamia 1897, mwaka ambao walibeba ligi na FA Cup kwa pamoja. Wana ubingwa wa ligi mara 7, FA Cup mara 7, na kikubwa kuliko vyote Kombe la Ulaya la vilabu 1982 Rotterdam, 1-0 na Bayern Munich, Peter Withe ndo mfungaji, na kipa Nigel Spink aliingia dakika za mwanzoni tu baada ya Jimmy Rimmer kuumia, kijana aliyekuwa amecheza mechi moja tu ya timu ya kwanza, akazuia kila kitu.

Haya, kufika. Shuka Birmingham New Street, chukua treni ya kwenda Witton, ni safari ya dakika chache tu na ukitoka steshini uwanja unauona. Aston pia inafaa ila utatembea zaidi. Baada ya mechi foleni ya Witton inakuwa ndefu mno, kama una watoto bora usubiri kwanza watu wapungue au utembee hadi Aston.

Tiketi nunua kwenye tovuti ya klabu tu, fungua akaunti, na kwa mechi kubwa bila uanachama ni ngumu kupata. Msinunue kwa walanguzi wa WhatsApp na wale wa nje ya uwanja, kuuza tiketi za mpira bila kibali ni kosa la jinai Uingereza na wewe utaishia getini na hela imeenda. Na usikate tiketi ya treni mapema ile isiyorudishwa, mechi zinahamishwa siku na saa kwa ajili ya TV. Bajeti ikibana nendeni na familia kwenye mechi za timu ya wanawake, nao wanacheza hapo hapo kwa bei rahisi kabisa.

Siti: Holte End ndo moyo wa uwanja, kelele mwanzo mwisho, mtasimama sana, kwa hiyo mwenye watoto wadogo atafute jukwaa lingine. Ukiwa shabiki wa timu ngeni usivae jezi yake upande wa wenyeji, utatolewa. Rangi ya pale ni damu ya mzee na samawati. Pombe huruhusiwi kunywa ukiwa unaangalia uwanja, na kuingia kwenye nyasi ni kesi, ambayo mtu mwenye viza haihitaji kabisa.

Kitu kinachowashtua wageni wengi: mechi za Jumamosi saa 9 alasiri hazionyeshwi moja kwa moja kwenye TV za Uingereza, wakati ndugu yako Mwanza anaiangalia yote kwenye kibanda umiza, kwake ni saa 12 jioni wakati wa baridi na saa 11 wakati wa joto. Kwa hiyo mechi za saa hiyo ndo za kwenda mwenyewe.

Mkiwahi, pandeni Aston Hall hapo juu bustanini, jumba la Sir Thomas Holte ambaye Holte End inabeba jina lake, ngazi za ndani bado zina tundu lililotobolewa na risasi ya mzinga kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe vya England, 1643. Angalia kwanza kama ni msimu wanafungua. Na njaa ikiuma baadaye, Sparkbrook na Small Heath kuna migahawa ya Wasomali na Wapakistani, halali, wali wa kushiba kweli.