Umeandikiwa picha hospitali? Soma hapa kabla hujaingia kwenye mashine

Nimekaa chumba cha eksirei zaidi ya miaka kumi, hospitali ya wilaya huku kwetu Tanzania, na kinachoniuma kuliko vyote ni mtu kuuza gunia lake la mahindi apate hela ya kipimo, anapigwa picha, anarudi nyumbani na ripoti imeandikwa hakuna tatizo na ugonjwa bado anao. Mara nyingi wala mashine haina kosa. Fomu ndo ilikuja tupu. Imeandikwa neno moja tu, "kikohozi", basi na yule daktari anayesoma picha anatafuta kile kinacholeta kikohozi kwa watu wengi, asipokiona anaandika kifua kiko sawa na maisha yanaendelea.

Kwaiyo kazi inaanza palepale kwa daktari aliyekuandikia kipimo, kabla hata hujaenda kulipia. Muulize, dokta hapa tunatafuta nini? Alafu angalia fomu kama ameandika tatizo lina muda gani, ni upande gani, umewahi kuugua nini, umewahi kutumia dawa za TB au kufanyiwa upasuaji, na yeye mwenyewe anahisi nini. Kama hajaandika muombe kwa adabu aongeze, madaktari wengi hawakatai, foleni ndo inawafanya wafupishe. Na usimfiche kitu hata kama unaona aibu.

Ngoja niwape mfano niliouona kwa macho yangu. Alikuja mama na mtoto wa miaka kama tisa hivi, mtoto anakohoa tangu akiwa mchanga, mafua hayakauki, masikio yanatoa usaha, na alishapewa dozi ya TB mara mbili sehemu tofauti tofauti. Fomu imeandikwa kikohozi, TB? Nikampiga picha, naitazama, moyo uko kulia. Kitu cha kwanza nikajilaumu mwenyewe, nikadhani nimekosea kuweka ile herufi ya risasi tunayobandika kuonyesha upande, nikarudia kuangalia, herufi iko pake. Bahati yule mama alikuwa na bahasha ya kaki kwapani, ndani ana picha tatu za zamani kazitunza vizuri kabisa. Nikazipanga kwenye taa moja moja. Zote moyo uko kulia, ila moja mtu aliigeuza wakati wa kuisoma, ukiangalia ile herufi unaiona imekaa kinyume, yani aliona moyo uko upande wa ajabu akadhani filamu ndo imegeuka, akaigeuza "iwe sawa" na akaisoma hivyo hivyo! Tukamuwekea altrasaundi ya tumbo, ini likawa kushoto na bandama kulia. Daktari bingwa alivyounganisha moyo kulia, mafua yasiyoisha na njia za hewa zilizoanza kutanuka ndani ya mapafu, akasema huyu ana ugonjwa wa Kartagener. Ni jina la daktari aliyeueleza mwaka 1933. Vile vinyweleo vidogo vinavyofagia makohozi kwenye njia za hewa kwa watoto hawa havipigi kasia kama inavyotakiwa, kwaiyo uchafu unabaki ndani na kuoza, na karibu nusu ya wenye hitilafu ya vinyweleo hivyo viungo vyao vimekaa upande wa pili kama kwenye kioo.

Ugonjwa adimu huo, na umeonekana kwa eksirei ya kifua ambayo ndo kipimo cha bei ya chini kabisa tulichonacho. Kilichosaidia ni bahasha ya mama na habari ya kwamba mtoto ameanza kukohoa tangu mchanga, ambayo kwenye fomu haikuwepo. Ndo mana kila siku nasema beba picha zako zote za zamani, hata ya miaka mitano nyuma, hata ile uliyoambiwa iko safi. Kovu la TB ya zamani na TB mpya vinaweza kufanana sana kwenye picha moja, ila ukiweka ya mwaka juzi pembeni unajua hapohapo kama kitu kimekua au kimetulia.

Sasa mashine ipi. Watu wanaamini ya bei kubwa ndo inaona kila kitu, hapana. Eksirei ni nzuri kwa mifupa na kifua, nimonia, TB, moyo uliopanuka, maji kwenye mapafu. Altrasaundi ni ya mimba, ini, figo, kibofu, kizazi, maji tumboni, na mawe ya kwenye nyongo inayaona vizuri kuliko siti skani (ile eksirei inayozunguka mwili na kutoa picha vipande vipande), tena altrasaundi haina mionzi kabisa. Siti skani ni ya haraka, kichwa kilichoumia, kutoka damu ndani, ajali. MRI, ile mashine ya sumaku, ni ya uti wa mgongo, ubongo kwa undani, magoti na kano. Kwa mgongo wa kawaida uliokuanza wiki mbili tatu zilizopita mara nyingi huhitaji picha yoyote, wengi unapoa ndani ya wiki sita. Ila kama miguu inakufa ganzi au inaishiwa nguvu, mkojo unashindwa kuuzuia au hautoki, una homa, unakonda, umeanguka au umewahi kuwa na kansa, hapo nenda hospitali siku hiyohiyo usisubiri.

Kwenye kiharusi dakika ndo kila kitu. Mtu mdomo umepinda, mkono umelegea, maneno hayatoki, muwahisheni sehemu yenye siti skani na mmoja wenu aandike saa ngapi mgonjwa alionekana mzima mara ya mwisho. Iyo saa daktari ataiuliza, mana dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda kwa kawaida inatolewa ndani ya masaa manne na nusu tangu hapo, na ni lazima kwanza picha ihakikishe hakuna damu iliyomwagika kwenye ubongo. Na mkiambiwa picha ya kwanza haionyeshi kitu msichukue mgonjwa mkaondoka, kiharusi cha damu kuganda kinaweza kisionekane kwenye siti skani saa za mwanzo.

Jambo lingine mnalolisahau kulisema ni mlikoishi. Sema umekulia wapi, unafuga nini, unaoga ziwa gani. Mtu wa kandokando ya ziwa Victoria au aliyekulia Pemba akija na damu kwenye mkojo au tumbo kujaa, anayeshika altrasaundi akijua hilo ataangalia ukuta wa kibofu na mishipa ya ini akiwaza kichocho. Mtu wa Turkana kule Kenya akiwa na uvimbe wa maji kwenye ini, wazo la kwanza ni kifuko cha tegu wa mbwa, ugonjwa ambao daktari wa sehemu nyingine anaweza kumaliza miaka bila kuuona ila Turkana ni kati ya sehemu zenye wagonjwa wengi sana duniani. Na hapa kujua mapema ni muhimu mno, mana ukichoma sindano kienyeji kutoa yale maji yakamwagika tumboni mgonjwa anaweza kupata mzio mkali wa kuua palepale. Vilevile mtu mzima aliyeanza kifafa ukubwani na anatoka sehemu zenye nguruwe wanaozurura, Mbulu au nyanda za juu kusini, siti skani ya kichwa inaweza kuonyesha vidoa vyeupe vya chokaa au kifuko kidogo chenye nukta katikati. Ile nukta ni kichwa cha mnyoo wa tegu wa nguruwe. Familia inakuwa imeshazunguka kwa waganga miaka kumi wakidhani ni mapepo.

Wenye watoto wa sikoseli naomba mnisikilize sana hapa. Kuna altrasaundi inawekwa pembeni ya kichwa, kwenye panja, inapima damu inakimbia kwa kasi gani kwenye mishipa ya ubongo. Haiumi, haina sindano. Ikifika sentimita 200 kwa sekunde au zaidi mtoto yuko kwenye hatari kubwa ya kiharusi na anahitaji matibabu kabla hakijatokea, utafiti wa Marekani uliotoka mwaka 1998 ulionyesha kwamba kuwaongezea damu watoto hao mara kwa mara kulipunguza viharusi kwa zaidi ya asilimia 90. Inapendekezwa kila mwaka kuanzia miaka 2 mpaka 16. Ulizeni kliniki ya sikoseli kama ipo, na kama haipo ulizeni inapatikana wapi, msikae kimya.

Kujiandaa sasa. Altrasaundi ya nyongo usile kwa masaa kama sita mpaka nane kabla ya kipimo, mana ukila nyongo inajikunja tunakosa cha kuona. Ya kizazi au kibofu kunywa maji na usikojoe, najua inatesa ila kibofu kilichojaa ndo dirisha letu. Eksirei ya kifua vua mkufu, hirizi, sidiria yenye waya, pini za hijabu, na rasta zako zifunge juu kabisa ya kichwa. Hili la rasta watu wanaona nawasumbua, lakini msuko mnene ukilala begani unatoka kwenye picha kama kivuli juu ya pafu, palepale TB inapopenda kukaa. Nikikwambia vuta pumzi ushikilie, vuta mpaka mwisho, ukivuta nusu moyo utaonekana mkubwa na mapafu yatakuwa kama yana ukungu. MRI ni sumaku kali, sema kama una betri ya moyo, chuma mwilini, au umewahi kuingiwa na kipande cha chuma jichoni, mafundi wa kuchomelea hasa nyie.

Kama una mimba au siku zako zimechelewa sema kabla ya eksirei au siti skani. Kuhusu mionzi, eksirei moja ya kifua ni kidogo sana, kama ile unayoipata kwa asili ndani ya siku kumi au pungufu, ila siti skani ya tumbo ni sawa na miaka miwili mitatu ya mionzi ya asili, kwaiyo usirudie hospitali nyingine kwa sababu tu CD yenye picha zako umeiacha nyumbani. Ukiambiwa utachomwa dawa ya kung'arisha picha, sema kama una tatizo la figo, kisukari, unatumia metformini (dawa ya kisukari) au uliwahi kupata mzio na dawa iyo ya picha, watapima kreatinini kwanza, yani kipimo cha damu cha kuona figo zinafanyaje kazi.

Ripoti ikitoka ruka maelezo marefu, nenda sehemu ya hitimisho, alafu rudi na ile swali ya mwanzo: tulichokuwa tunatafuta kimeonekana, hakijaonekana, au picha hii haiwezi kukionyesha? Hayo ni majibu matatu tofauti kabisa. TB inaweza kuwepo na kifua kikaonekana safi, hasa kwa mwenye VVU, kwaiyo makohozi yapimwe. Siku hizi kuna programu za kompyuta zinazosoma picha za TB, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilizikubali mwaka 2021 kwa watu wa miaka 15 kwenda juu, na zinasaidia sana sehemu zisizo na daktari bingwa, ila zinatoa alama ya kushuku tu, bado makohozi yanatakiwa.

Filamu usiikunje, usiibane chini ya godoro wala kuiweka karibu na bati la moto, zinashikana. CD iombe kila mara na uiweke pamoja na ripoti yake. Juu ya bahasha andika tarehe, sehemu iliyopigwa na kwanini ulipigwa, kwa kalamu ya wino usiofutika, na mweleze mtu mmoja nyumbani ilipo, mana siku ukizidiwa yeye ndo ataibeba.