Umefika Wapi? Namna ya Kuendesha Kikao cha Vitabu Mtaani

Wengi wakitaka kuanzisha kikao cha vitabu huchagua kitabu kimoja, kila mtu akasome. Hapa Lamu hilo ni kujisumbua. Vitabu vyetu ni vya kuazimana. Nakala moja ikiingia mtaa wa Langoni, hadi ifike mtaa wa Mkomani upepo wa kusi umeshageuka kaskazi. Sisi wanawake wa mtaa wetu kila mmoja huja na kile anachokisoma sasa hivi, hata kama jana ndipo alipokifungua.

Kaeni alasiri, mkishaswali, na mikono iwe na kazi. Kwangu tunakaa kiwandani, kwenye uwa wa ndani, tukishona kofia. Mwenye sindano hatoi hotuba, na mwenye haya anapata pa kutazama.

Swali ni moja: umefika wapi? Msiulize kama kitabu ni kizuri, maana mtajibiwa "kizuri" na maneno yaishe hapo. Aliyekwisha kukimaliza msimwachie uwanja. Huyo atawamwagia mwisho wote. Mtamu ni yule aliye katikati. Bado anakisia, bado ana ugomvi na mtu fulani humo ndani.

Akishajibu, asome aya moja kwa sauti. Nasema aya, si sura. Juzi binti wa jirani alikuja na Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah, yule mzaliwa wa Zanzibar aliyepata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021. Alikuwa amefika pale Yusuf, bado mtoto, anapochukuliwa na tajiri kwa sababu ya deni la babake. Shangazi mmoja, ambaye tangu aingie hakuwa amefungua mdomo, akamkatiza: "Deni gani hilo, hata lilipwe kwa mtoto?" Kofia zikawekwa chini. Mara tukawa kwenye madeni ya mashua, madeni ya harusi, na nani alimwachia nani mzigo alipokufa. Ikitokea hivyo, wewe mwenye kikao usiwe na haraka ya kuwarudisha kitabuni. Binti alikaa na kidole chake ukurasani mpaka wakamwuliza wenyewe: "Haya, kisha ikawaje?" Naye hakujua, alikuwa hajafika. Wawili waliomba kukiazima palepale.

Asiyesoma naye ana zamu. Tuna bibi ambaye herufi hizi za shule hazijui, lakini Utendi wa Mwana Kupona anao kifuani. Naye huulizwa vilevile: "Bibi, yeo uko wapi?" Anaanzia beti alizokuwa akizighani asubuhi akipeta mchele. Utendi huo ni wa 1858, wosia wa mama mgonjwa kwa bintiye, na akifika kwenye namna ya kumtunza mume, wasichana husonya. Yeye huwajibu, "Ngojani muolewe," akaendelea. Mimi niko upande wa wasichana, lakini simkatizi.

Wekeni daftari. Andikeni jina la kitabu, aliyenacho, na ukurasa alioutaja siku hiyo. Ukurasa ni muhimu kuliko tarehe: mtu akibaki palepale vikao viwili vitatu, mwambieni kwa upole akipitishe kwa mwingine. Hakuna deni la kumaliza kitabu.

Alama ya ukurasa iwe kipande cha ukili kilichobaki kwa msuka mikeka. Ni chembamba na hakivimbishi kitabu. Kukunja pembe ni mwiko kwangu. Hewa ya bahari inatosha kuviharibu: karatasi hulainika, kisha ukungu. Kitabu kinachokwenda kijiji cha Matondoni kwa boti hutiwa kwenye kopo la biskuti lenye kifuniko cha kubana. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku 2017, na hata hivyo kopo ni bora zaidi, halichaniki.

Adhana ya magharibi ndiyo hufunga. Aliyekosa zamu huanza yeye wiki inayofuata. Ramadhani hatukutani alasiri kabisa, maana saa hizo kila mmoja yuko jikoni na sambusa zake. Mkitaka, hamishieni baada ya tarawehe.